Mwambie Daktari Kuwa Unavuta

Mtu akifika zahanati na kikohozi huulizwa kimeanza lini, kina makohozi au ni kikavu, usiku anatoka jasho au la. Swali la sigara nalo huulizwa, lakini harakaharaka, na jibu hutoka kwa haraka zaidi: "Nilishaacha." Anayejibu hivyo ana kipisi mfukoni. Hasemi uongo kwa nia mbaya. Anaona haya, kwa kuwa tangu utotoni amesikia nyumbani na kwenye nyumba za ibada kuwa kuvuta ni tabia mbaya, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuna matibabu yake.

Matibabu yapo. Yana majina, vipimo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, kama ilivyo kwa dawa za kifua kikuu au shinikizo la damu. Nimeandika haya kwa ajili ya watu wa Mbulu na Hanang: anayenunua sigara moja moja dukani Haydom au Katesh, anayesokota tumbaku aliyoipata mnadani, mzee wa Yaeda Chini anayepokezana kiko na wenzake, bibi wa Dongobesh au Bassotu anayehifadhi ugoro kwenye pindo la shuka, na ndugu zao ambao wamechoka kuwabembeleza waache.

Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku. Unataja dawa nne: nikotini ya tiba, bupropioni, vareniklini na sitisini, zote zikiambatana na ushauri wa ana kwa ana, wa kikundi au wa simu. Nikotini ya tiba imo katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu tangu 2009, na mwaka 2021 zikaongezwa bupropioni na vareniklini. Hiyo ndiyo orodha yenye insulini na dawa za malaria. Kwa hiyo anayeomba dawa ya kuacha sigara haombi upendeleo, na mhudumu anayemcheka anakosea.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania wanatumia tumbaku, asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Katika kijiji cha watu wazima 1,000 hao ni zaidi ya 80, wengi wao baba wa familia.

Arosto si ulegevu

Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tangu moshi uvutwe. Ubongo una vipokezi vinavyoipokea, na kadiri mtu anavyovuta miaka mingi ndivyo vipokezi hivyo vinavyoongezeka na kudai zaidi. Vikinyimwa, ndipo inapokuja hali ambayo vijana wanaiita arosto: hasira za ghafla, kutotulia, usingizi wa kukatikakatika, njaa isiyoshiba, mawazo kutawanyika, na kwa wengine huzuni nzito. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hupamba moto siku ya 2 na ya 3, na kwa watu wengi hupoa sana kati ya wiki ya 2 na ya 4. Kiu yenyewe, ile inayokufanya uinuke kwenda dukani, mara nyingi hudumu dakika chache tu kila inapokuja. Ukiweza kuichelewesha, ukanywa maji, ukavuta pumzi ndefu, ukashika kazi ya mikono, itapita hata kama hukuilisha.

Jambo moja huwarudisha wengi. Siku za mwanzo kikohozi kinaweza kuongezeka, kwa kuwa njia za hewa zinaanza kujisafisha. Mtu husema, "Nilipokuwa navuta nilikuwa mzima, nimeacha ndipo naumwa," kisha anawasha nyingine. Kikohozi hicho cha kuacha hupungua chenyewe. Lakini kikifika wiki 2, au kikija na damu, homa za jioni au kukonda, usikisingizie sigara: nenda kapime kifua kikuu.

Ili kujua umefungwa kiasi gani, jiulize maswali mawili. Asubuhi, baada ya kuamka, unakaa dakika ngapi kabla ya kuvuta? Na kwa siku unavuta mara ngapi? Anayevuta ndani ya nusu saa ya kwanza amefungwa sana na pengine atahitaji dawa yenye nguvu zaidi. Wa kusokota ahesabu misokoto, wa kiko ahesabu mara anazokijaza. Andika majibu hayo kwenye karatasi uende nayo hospitali, kwa sababu ndiyo yatakayoamua kipimo cha dawa.

Kuna neno linalosemwa kwenye maeneo ya baridi, kuwa sigara inaleta joto. Juni na Julai, ukungu ukishuka Mbulu na watu wamejifunika mablanketi, neno hilo linashawishi kweli. Ila nikotini hubana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, na vidole vya mvutaji hupoa zaidi ya vile vya asiyevuta. Joto analolisikia ni la kukaa na wenzake kwenye moto, na hilo anaweza kulipata bila sigara.

Na tumbaku ya kienyeji, ile isiyopita kiwandani, si salama kwa sababu ni ya asili. Jani lolote likiungua hutoa lami na hewa ya kaboni monoksidi. Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachoharibu mapafu, moyo na koo zaidi ni moshi. Tofauti hiyo ishike vizuri, maana bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini daktari anaweza kukupa nikotini ili uache nikotini.

Dawa zenyewe

Nikotini ya tiba huja kama plasta ya kubandika, bigijii ya kutafuna au kidonge cha kumung'unya. Humpa mtu nikotini kidogo kidogo, bila moshi, ili arosto isimzidi wakati anajifunza kuishi siku nzima bila kuwasha kitu. Matibabu huchukua wiki 8 hadi 12, huku kipimo kikishushwa.

Plasta ni rahisi kuitumia. Kwa kawaida anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha ya 14 kwa wiki 2, kisha ya 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanzia 14. Bandika asubuhi kwenye ngozi kavu, safi, isiyo na nywele, kama mkono wa juu au kifua, na kesho yake badilisha mahali ili ngozi isiwashe. Usiikate vipande kwa nia ya kubana matumizi. Ikikuletea ndoto za kusumbua, ivue unapolala. Iliyotumika bado ina nikotini ya kumdhuru mtoto, kwa hiyo ikunje mara mbili, sehemu ya gundi ikae ndani, uitupe chooni au mahali ambapo mtoto hafiki.

Bigijii inahitaji kufundishwa, na wengi huishindwa kwa sababu wameitafuna kama ile ya dukani. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali au mwasho. Simama. Iegeshe kati ya shavu na fizi hadi ukali uishe, kisha itafune tena kidogo, uegeshe upande mwingine, hivyo hivyo kwa karibu nusu saa. Ukiitafuna mfululizo utameza nikotini, utapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na utasema dawa ni mbaya. Dakika 15 kabla, na wakati iko mdomoni, usinywe kahawa, soda wala juisi ya matunda makali, maana uchachu huzuia nikotini kupenya kwenye kinywa. Kuna ya miligramu 2 na ya 4, na ya 4 ni ya yule anayevuta ndani ya nusu saa ya kuamka. Wiki 6 za kwanza hutafunwa moja kila saa 1 au 2, baadaye nafasi inaongezwa.

Inaruhusiwa kutumia plasta na bigijii kwa pamoja: plasta kwa siku nzima, bigijii kwa ile kiu ya ghafla. Watu huogopa kuwa nikotini itazidi, lakini kuchanganya hivyo, chini ya uangalizi, kunasaidia kuliko kutumia moja peke yake. Aliyepata shambulio la moyo katika wiki 2 zilizopita, au ambaye mapigo ya moyo wake yanakwenda ovyo, asianze bila daktari.

Bupropioni ni kidonge kilichoanza kama dawa ya sonona, kikaonekana kinapunguza kiu ya sigara. Huanzwa wiki 1 hadi 2 kabla ya siku ya kuacha: miligramu 150 mara moja kwa siku kwa siku 3, kisha mara mbili kwa siku, kwa wiki 7 hadi 12. Hukausha mdomo na huweza kufukuza usingizi, kwa hiyo kidonge cha pili kisicheleweshwe hadi usiku.

Hapa naomba msomaji wa Mbulu asimame. Bupropioni inaweza kuleta degedege, na mtu mwenye kifafa, au aliyewahi kuanguka kifafa hata mara moja, haruhusiwi kuitumia. Kwingine hilo ni onyo la kawaida kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Huku kwetu lina uzito wake. Watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Haydom wamechunguza kifafa Mbulu kwa miaka mingi, na wamekuta baadhi ya wagonjwa wana malengelenge ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Mayai ya tegu humwingia mtu kwa chakula, maji au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, na lava zikifika kwenye ubongo zinaweza kukaa miaka kimya kabla ya kumwangusha. Mtu wa namna hiyo anaweza kujiona mzima kabisa siku anapoomba dawa ya sigara.

Kwa hiyo swali la kifafa lisijibiwe harakaharaka kama lile la sigara. Iwapo uliwahi kuanguka ukapoteza fahamu, ukatokwa povu, ukajing'ata ulimi au ukaamka umejikojolea, sema, hata kama ilikuwa zamani na nyumbani walisema ni mambo ya mila. Ikiwa una maumivu ya kichwa ya muda mrefu yasiyoeleweka, sema. Ukiwa uliumia kichwa vibaya kwenye ajali ya bodaboda, sema. Na kama unakunywa pombe nyingi kila siku, sema pia, maana mnywaji mkubwa anayekatisha pombe ghafla huku anatumia bupropioni yuko katika hatari hiyo hiyo. Hakuna aibu katika jibu lolote kati ya hayo. Kuna dawa nyingine utakazopewa.

Vareniklini ndiyo mojawapo. Huenda moja kwa moja kwenye vile vipokezi vya ubongo, ikavituliza nusu na kuizuia nikotini isivichangamshe, kiasi kwamba anayejaribu kuvuta huona sigara haina ladha yake. Kawaida huanzwa wiki 1 kabla ya siku ya kuacha: nusu miligramu mara moja kwa siku kwa siku 3, nusu mara mbili kwa siku kwa siku 4 zinazofuata, kisha miligramu 1 mara mbili kwa siku hadi zitimie wiki 12. Kero yake kubwa ni kichefuchefu. Imeze baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, usiimeze tumbo likiwa tupu alfajiri unapokwenda kukamua. Ndoto za ajabu zipo pia. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo, na aliyewahi kuwa na degedege aitumie kwa tahadhari na kwa uamuzi wa daktari. Zamani watu waliihofia kuwa inavuruga akili. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 8,000, wakiwemo wenye magonjwa ya akili, na haukuonyesha ongezeko la maana la madhara hayo. Hata hivyo, ukiona moyo wako umebadilika, una mawazo ya kujidhuru au hasira zisizo zako, acha dawa na urudi hospitali siku hiyo hiyo.

Sitisini hutokana na mbegu za mti, na imetumika Bulgaria na Ulaya ya Mashariki tangu miaka ya 1960. Matibabu yake ya kawaida ni siku 25.

Je, dawa hizi zinaleta tofauti gani? Wachambuzi waliokusanya tafiti nyingi na kutoa majibu mwaka 2023 walikadiria kuwa kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila dawa yoyote, karibu 6 hufanikiwa kwa miezi 6 au zaidi. Kwa plasta peke yake, bigijii peke yake au bupropioni wanafika karibu 9. Plasta na bigijii kwa pamoja karibu 12. Vareniklini au sitisini karibu 14. Namba hizo si kubwa, na ninazitaja hivyo zilivyo ili asitokee wa kukuuzia miujiza. Anayeshindwa mara ya kwanza yuko pamoja na walio wengi, na wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa.

Kwenye mabasi na kwenye simu hutangazwa chupa za unga au maji zenye maandishi "Acha sigara kwa siku 3". Dawa yoyote inayouzwa nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ambayo tangu 2021 imekabidhiwa pia udhibiti wa bidhaa za tumbaku. Chupa isiyo na jina la kiwanda, tarehe ya mwisho wa matumizi wala orodha ya vilivyomo usiipeleke mdomoni.

Sigara na dawa nyingine unazomeza

Moshi wa tumbaku hulifanya ini lichakate baadhi ya dawa haraka. Mtu akiacha kuvuta, ini hupunguza kasi, na kipimo kile kile alichozoea kinaweza kumzidi. Inahusu aminofilini inayopewa wenye pumu, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini na klozapini, na kwa kiasi fulani wafarini inayozuia damu kuganda. Kahawa na chai ya rangi kali nazo hukaa zaidi mwilini, kwa hiyo punguza vikombe katika wiki hizo, la sivyo utadhani moyo unaokwenda mbio na usingizi unaokimbia ni arosto. Mgonjwa wa kisukari apime sukari mara nyingi zaidi. Katika hali zote hizo, mjulishe daktari tarehe utakayoacha kabla haijafika.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu kuacha ni jambo la haraka. Tumbaku huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu, na anayeendelea kuvuta akiwa kwenye dozi ana hatari zaidi ya kurudiwa na ugonjwa au kufa. Rifampisini, kidonge kikuu cha dozi hiyo, hupunguza nguvu ya bupropioni mwilini, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo nikotini ya tiba au vareniklini huwa chaguo bora. Upande mwingine wa jambo hili ni mzuri: mgonjwa wa kifua kikuu anaonana na mhudumu mara kwa mara kwa miezi 6. Hakuna mvutaji mwingine mwenye nafasi ya kusaidiwa kama hiyo, na ninaumia kila nikiona miezi hiyo inapita bila sigara kutajwa hata siku moja.

Mama mjamzito aanze kwa ushauri na msaada wa karibu wa muuguzi wa kliniki. Bupropioni na vareniklini hazishauriwi kwake, na nikotini ya tiba ni uamuzi wa daktari baada ya kupima faida na hatari. Mume anayevutia ndani ya nyumba anamvutisha na mtoto aliye tumboni.

Ugoro

Wanaonusa au kubwia ugoro husahaulika kwa kuwa hawatoi moshi. Ugoro mara nyingi huchanganywa na magadi, na magadi ndiyo yanayoifanya nikotini ipenye haraka kwenye utando laini wa pua na mdomo. Kwa hiyo bibi mwenye kopo dogo anaweza kuwa amefungwa kuliko kijana wa sigara 5. Saratani ya kinywa ni hatari ya kweli kwake: kidonda au baka jeupe au jekundu mdomoni lisilopona kwa wiki 2 linahitaji kuonwa na daktari wa kinywa na meno. Kidonge cha nikotini cha kumung'unya na vareniklini vimeonyesha kuwasaidia watumiaji wa tumbaku isiyo na moshi, na ushauri wa kina unawasaidia pia. Msimcheke mzee kwa ugoro wake wala msimnyang'anye kopo. Mwulizeni kwanza kama angependa kuachana nao.

Pa kuanzia

Anzia ulipo. Zahanati ya kijiji haitakuwa na vareniklini, lakini ina mtu anayeweza kukupima shinikizo la damu, kukusikiliza na kukuandikia rufaa. Katika Hanang kuna hospitali ya wilaya Katesh. Katika Mbulu kuna hospitali ya mjini Mbulu, na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei na ambayo leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu. Haydom ina huduma za afya ya akili, na hapo ndipo pa kuuliza kwanza, maana uraibu wa tumbaku mara nyingi hukaa nyumba moja na pombe na sonona. Inapolazimu, kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Babati, kisha Arusha na Moshi. Kabla ya kupanda basi, mwombe mhudumu wako apige simu kwenye duka la dawa la hospitali aulize ni dawa gani ipo siku hiyo na bei yake. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa maswali ya afya.

Wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza. Inaweza kwenda hivi, mzee akiwa mbele ya tabibu aliye rika la mwanawe:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kifua bado kinanisumbua."

"Pole sana. Tumbaku unatumia, baba?"

"Natumia, sitaki kukuficha. Nasokota, kama mara nane kwa siku. Ya kwanza kabla sijawafungulia ng'ombe. Niliacha mwaka juzi nikarudia. Nataka kuacha, nisaidie."

Kwa maneno hayo tabibu ameshapata aina ya tumbaku, kiasi, nguvu ya uraibu, historia na nia. Ushauri wa dakika 3 tu, ukitolewa kwa heshima, huongeza idadi ya wanaoacha. Anachohitaji kufanya baada ya hapo ni kumwambia mzee wazi kuwa kuacha kutamsaidia kuliko dawa yoyote ya kikohozi, kuuliza habari za kifafa, dawa nyingine na pombe, kupanga naye tarehe ya kuacha ndani ya wiki 2, na kumwandikia siku ya kurudi. Wiki ya kwanza baada ya tarehe hiyo ndiyo ngumu, kwa hiyo simu moja ya muuguzi au mhudumu wa afya wa jamii siku ya 3 ina thamani kubwa.

Kuchagua tarehe ni kazi ya mgonjwa mwenyewe. Usichague siku ya mnada, ambapo rafiki na ng'ombe na pombe viko pamoja, wala wiki ya harusi. Jioni ya mwisho toa nje ya nyumba kiberiti cha mfukoni, karatasi za kusokotea na kiko. Waambie watu wawili unaowaheshimu. Anayevuta pamoja nawe mwambie asikupe hata ukimwomba.

Hesabu nayo inasaidia. Sigara 5 kwa siku, kwa mfano zikiwa shilingi 200 kila moja, ni shilingi 1,000 kwa siku na shilingi 365,000 kwa mwaka. Ziweke kwenye kopo. Dawa ya wiki 12 ikionekana ghali, ilinganishe na kopo hilo.

Mwili wenyewe huanza kujibu mapema. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo hushuka. Ndani ya siku chache kaboni monoksidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Kati ya wiki 2 na 12 mzunguko wa damu na kazi ya mapafu huimarika, na huenda ukaligundua hilo siku utakapopanda kilima bila kusimama. Baada ya mwaka 1 hatari ya ugonjwa wa moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Kisha linakuja jambo ambalo hakuna plasta inayolizuia. Msiba. Baada ya maporomoko ya tope yaliyotoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, familia nyingi zilibaki na majonzi ambayo kalenda haiyamalizi. Mtu aliyekaa miaka bila kuvuta anaweza kupewa sigara matangani na asikumbuke hata aliipokeaje. Ikikutokea, hujarudi sifuri. Sigara moja ni sigara moja. Tupa iliyobaki, endelea na dawa kama bado uko kwenye dozi, usiongeze wala usipunguze kipimo mwenyewe, na mwambie yule aliyekuandikia. Huenda unachohitaji wakati huo ni mtu wa kuzungumza naye habari za marehemu, na huduma ya afya ya akili ipo kwa hilo pia.

Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye daftari lako la kliniki. Nenda siku hiyo hata kama ulivuta jana, na ukiulizwa, sema ulivuta ngapi na ulikuwa wapi.